Kupima na Kutabiri Hali ya Hewa Shuleni Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa Nairobi wanaopima hali ya hewa kila siku, pamoja na walimu wanaowalea. Maswali yaliyomo ni yale yanayorudi kila muhula, kutoka shule zenye uwanja mpana hadi zile ambazo uwanja wake ni paa la ghorofa. Neno moja nitalirudia bila kuchoka: utabiri hutoka daftarini. Klabu yenye chupa iliyokatwa na daftari lisilo na uongo iko mbele ya klabu yenye mtambo wa bei kubwa na kurasa zenye mapengo.

Hatuna pesa za vifaa. Tunaweza kuanza?

Ndiyo, anzeni kesho. Mawingu hayahitaji kifaa. Ligawe anga lote mafungu manane kwa macho, ukadirie ni mangapi yamefunikwa: 0 ni anga tupu, 8 ni anga lililozibwa lote. Nguvu ya upepo nayo hukadiriwa kwa kipimo alichokibuni Francis Beaufort wa jeshi la majini la Uingereza mwaka 1805. Kwenye 0 moshi hupanda wima. Kwenye 2 unausikia upepo usoni na majani yanachakacha. Kwenye 4 vumbi na karatasi vinapeperuka. Kwenye 6 mwavuli unakuwa kazi kuushika.

Kwa mwelekeo, bendera ya shule inatosha. Angalieni tu jambo hili: upepo huitwa kwa upande unakotoka. Bendera ikielekea magharibi, upepo ni wa mashariki. Karibu kila klabu hugeuza hilo wiki ya kwanza, kwa hiyo mwalimu aikague safu hiyo mapema.

Baada ya hapo, tafuteni chupa ya soda ya lita mbili na kipimajoto kimoja.

Chupa inageukaje kuwa kipimamvua?

Ikateni sehemu ya juu pale ukuta wake unapoanza kunyooka, kisha mgeuze kile kichwa, mkiingize ndani kiwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo mimineni saruji kidogo hadi ukuta unyooke, iache ikauke, halafu chora mstari wa sifuri hapo. Bandikeni rula ubavuni kuanzia mstari huo. Kwa kuwa mdomo na ukuta vina upana uleule, sentimita 1 ya maji ndani ya chupa ni milimita 10 za mvua.

Mkiwa na silinda ya kupimia kutoka maabara, matokeo yatakuwa bora zaidi. Pimeni kipenyo cha mdomo wa faneli, tafuteni eneo lake, gawanyeni mililita za maji kwa eneo hilo la sentimita mraba, kisha zidisheni kwa 10. Faneli yenye kipenyo cha sentimita 10 ina eneo la sentimita mraba 78.5. Ikikusanya mililita 157, mvua ilikuwa milimita 20.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 katika kila mita mraba. Wape wanafunzi hesabu ya paa la shule yao: mabati ya mita mraba 200 yakipata milimita 20 za mvua yamepokea lita 4,000. Katika mtaa ambao maji hununuliwa kwa mtungi, namba hiyo husomwa kwa makini.

Kipimamvua kikae wapi? Kwetu kuna majengo kila upande.

Kanuni ni kukaa mbali na jengo au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake. Ukuta wa mita 5, kaeni mita 10. Mdomo wa chombo uwe juu ya ardhi kiasi cha sentimita 30 au zaidi ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie, na pembeni pawe na nyasi au changarawe, si sakafu.

Eastleigh au Pipeline nafasi hiyo haipo, na haitapatikana. Basi paa la ghorofa ni afadhali kuliko ua uliobanwa na kuta, ingawa upepo wa juu hupitisha matone pembeni ya chombo na vipimo vitapungua kidogo. Chagueni mahali, mpige picha, mwandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na msikihamishe. Mkilazimika kukihamisha, andikeni tarehe. Kituo kinachohama kimyakimya huharibu miaka yote iliyotangulia.

Je, kipimajoto kinaweza kuning'inia dirishani?

Kikining'inia pale kitapima joto la ukuta. Tunachotaka ni joto la hewa, kivulini, hewa ikipita. Ndiyo sababu vituo hutumia kisanduku cheupe chenye mbavu za mbao, kilichobuniwa na mhandisi wa Scotland, Thomas Stevenson. Ndani yake vipimajoto hukaa kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukiunda akipewa mchoro.

Nairobi ina shida yake. Tuko takriban nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hutupita kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia kusini. Mlango wa kisanduku uliokuwa kivulini mwezi Julai utachomwa na jua mwezi Desemba. Wekeni milango pande zote mbili, au fungueni upesi, someni, mfunge, huku msomaji akisimama upande wa jua.

Kipimajoto cha zebaki kisitumike shuleni. Kikivunjika, mvuke wake ni sumu. Kile cha spiriti au cha dijitali kinachohifadhi joto la juu na la chini kabisa kinafaa.

Kwa nini mnasisitiza saa tatu asubuhi?

Saa tatu asubuhi ya Kenya ni 06:00 katika saa za UTC (saa ya pamoja ya dunia), mojawapo ya nyakati ambazo vituo duniani kote husoma vifaa kwa pamoja. Kipimo cha pili ni saa tisa alasiri, yaani 12:00 UTC. Mkisoma saa hizo, namba zenu zinaweza kulinganishwa na za vituo vya Dagoretti Corner, uwanja wa ndege wa Wilson au ule wa JKIA bila ubishi.

Kengele ya shule yenu ikiwanyima saa tatu kamili, pimeni wakati wa mapumziko, hata kama ni saa tatu na nusu, mradi iwe hiyohiyo kila siku na iandikwe. Mvua mnayoikuta asubuhi mara nyingi ilinyesha jana jioni au usiku. Kila mstari uonyeshe tarehe na saa ya kusoma, na juu ya ukurasa muandike wazi kama mvua hiyo mnaihesabia jana au leo. Msibadili katikati ya mwaka.

Sifuri na kistari vina tofauti gani?

Hapa ndipo daftari nyingi hufa. 0 maana yake ni kwamba mtu alienda, akatazama, na chombo kilikuwa kikavu. Kistari maana yake ni kwamba hakuna aliyeenda. Mwanafunzi aliyesahau Alhamisi, kisha akajaza 0 Ijumaa kwa kuona aibu, ametoa ushahidi kwamba Nairobi ilikuwa kavu siku ambayo huenda barabara zilifurika. Miaka 5 baadaye hakuna atakayeweza kuligundua kosa hilo. Kwa hiyo mwalimu asimwadhibu mwanafunzi kwa kistari. Akiadhibu vistari, atapewa sifuri.

Jumatatu mkikuta milimita 34 za siku tatu, andikeni "34, jumla ya siku 3". Msigawe kwa tatu. Matone yaliyolowesha chombo bila kufikia milimita 0.1 yawekewe herufi ya peke yake, wengi hutumia T. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, namba sahihi iandikwe juu yake pamoja na herufi za jina la aliyerekebisha. Kifutio kisikaribie daftari hilo.

Likizo tufanyeje?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na Aprili kwa kawaida ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Nairobi. Mvua za vuli huanza Oktoba hadi Desemba, na Novemba ndicho kilele chake. Sasa tazameni kalenda ya shule za Kenya: tunafunga Aprili, na tunafunga tena kwa likizo ndefu mwishoni mwa mwaka. Klabu inayopima siku za masomo tu hukosa sehemu kubwa ya mvua za jiji hili. Itahitimisha kwamba Nairobi ni kavu, na itakuwa imepima kwa bidii kabisa.

Mwaka 2024 hali ilikuwa kali zaidi. Mafuriko ya Aprili na Mei yalichelewesha kufunguliwa kwa muhula wa pili nchi nzima, na shule zikafunguliwa Mei 13. Siku zile ndizo ambazo kumbukumbu za mitaa kama Mathare zilihitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Suluhisho linalodumu ni mtu anayekuwepo shuleni siku zote. Mara nyingi ni bawabu au mfanyakazi wa bustani. Mfundisheni kusoma chombo, mpeni karatasi yake, na jina lake liandikwe kwenye ripoti ya klabu pamoja na ya wanafunzi. Shule nyingine huweka zamu za wanafunzi wanaoishi karibu. Kipimamvua cha nyumbani kwa mwanafunzi si mbadala. Hicho ni kituo kingine, kipewe ukurasa wake.

Tunaweza kujaza mapengo kwa namba za JKIA?

Hapana. Ziandikeni kwenye safu ya pembeni kwa ulinganisho, na pengo lenu libaki pengo.

Kwa nini Embakasi kulikuwa kukavu na wenzetu wa mji wa Kikuyu wamelowa?

Ardhi ya Nairobi imeinama. JKIA, kule Embakasi, iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, Dagoretti Corner takriban 1,800, na ukiendelea magharibi kuelekea Limuru unapita 2,200. Pepo zinazotuletea unyevu hutoka upande wa mashariki, kutoka Bahari ya Hindi. Zikipanda mteremko huo hupoa, mvuke wake ukageuka mawingu, na mvua ikaongezeka kadiri unavyokwenda magharibi. Joto nalo hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000, kwa hiyo kati ya uwanja wa ndege na Dagoretti tofauti ya nyuzi 1 hivi ni ya kutarajiwa.

Juu ya hayo, wingu moja la radi huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Kasarani ikalowa, Roysambu ikabaki na vumbi, na kila shule imepima sawasawa. Ningependa sana kuona shule 10 za jiji hili zikibadilishana vipimo kila asubuhi kwenye kikundi cha WhatsApp. Ramani ya mvua ya siku moja, iliyochorwa na watoto wenyewe, hufundisha jiografia ya Nairobi kuliko sura nzima ya kitabu.

Barometa yetu hushuka kila alasiri. Je, dhoruba inakuja?

Haiji, au angalau barometa haijasema hivyo. Vitabu vingi vya hali ya hewa viliandikwa kwa nchi za latitudo za kati, ambako kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo unaopimwa na barometa, ikishuka huashiria kimbunga kikubwa kinachokaribia. Mifumo ile haipiti ikweta. Hapa kwetu kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa sababu jua hupasha moto tabaka za angahewa: kilele karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na bonde karibu na saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Tofauti ni hektopaskali (kizio cha kanieneo) 3 au 4 hivi, kwa kawaida ya siku yoyote ile.

Linganisheni saa tisa ya leo na saa tisa ya jana, kamwe si saa tisa na saa tatu. Na msishtuke barometa ikionyesha karibu 820 badala ya 1,013 iliyo kitabuni. Hicho ndicho kiasi cha hewa kilichobaki juu ya mji ulioko mita 1,800.

Kwa nini Julai kuna mawingu kila asubuhi lakini mvua hamna?

Hewa baridi yenye unyevu hutoka kusini-mashariki, hupanda kuelekea nyanda za juu na kufanya tabaka la mawingu mafupi. Juu yake kuna hewa yenye joto zaidi inayoliziba kama kifuniko cha sufuria, hivyo mawingu hayawezi kurefuka. Yanatoa manyunyu tu. Joto la juu kabisa la siku hutegemea jua limechomoza mawinguni saa ngapi: likitoka saa tano mchana, sweta huvuliwa, lisipotoka, hata nyuzi 20 huenda zisifikiwe.

Anzisheni safu inayoitwa "saa jua lilipotokea". Ni bure, na ndiyo zoezi bora la utabiri katika muhula wa pili.

Utabiri wetu wa kwanza tuufanyeje?

Amueni kwanza mnatabiri nini. "Kutakuwa na mvua" haitoshi. Semeni: kuanzia saa tatu asubuhi leo hadi saa tatu kesho, chombo chetu kitapata milimita 1 au zaidi. Mkishasoma vifaa saa tatu, jadilianeni, na kabla ya saa tano utabiri uwe umebandikwa ubaoni, wenye tarehe na majina. Utabiri usioandikwa kabla ya tukio hauhesabiwi.

Wapinzani wenu wa kwanza ni wawili. Mmoja husema leo itakuwa kama jana. Wa pili husema leo itakuwa kama kawaida ya mwezi huu. Wote wawili hawatazami anga, na bado si rahisi kuwashinda, hasa Julai na Februari. Mkiweza kuwashinda Novemba, mnajua kitu.

Tazameni kama upepo wa mashariki umeleta unyevu, kama kipimajoto chenye kitambaa kibichi kinakaribiana na kikavu (dalili ya hewa yenye unyevu mwingi), na kama mawingu ya kumulasi, yale yanayofanana na mafungu ya pamba, yameanza kuota mapema na kurefuka kabla ya saa tano. Msimu wa mvua, mengi ya hayo hukomaa jioni na usiku, baada ya wanafunzi kwenda nyumbani.

"Uwezekano wa asilimia 40" maana yake nini?

Kwamba katika siku nyingi zilizopewa asilimia 40, mvua inyeshe katika 40 kati ya kila 100. Siku moja haiwezi kuthibitisha wala kukanusha. Kusanyeni siku zote mlizosema 40 katika mwaka mzima, mhesabu ni ngapi zilinyesha.

Tutajuaje kama tunatabiri vizuri?

Msitumie asilimia ya siku mlizopatia peke yake. Mtu anayesema "hakuna mvua" kila siku ya Julai atapata alama za juu bila kujifunza chochote. Gawanyeni matokeo: siku mlizosema mvua ikanyesha, mlizosema ikakosa, na zile ambazo hamkusema ikanyesha. Kundi la tatu ndilo linalowaumiza watu walioanika nguo na mama mboga aliye kando ya barabara.

Kwa utabiri wa asilimia kuna kipimo alichokitoa Glenn Brier mwaka 1950, na mwanafunzi wa Gredi ya 7 anaweza kukikokotoa. Andika utabiri kama desimali, matokeo kama 1 ikinyesha au 0 isiponyesha, tafuta tofauti, izidishe kwa yenyewe, kisha utoe wastani. Tuseme mlitabiri 0.8, 0.3, 0.1 na 0.6, na ni siku ya kwanza tu iliyonyesha. Mtapata 0.04, 0.09, 0.01 na 0.36, wastani ni 0.125. Anayesema 0.5 kila siku hupata 0.25. Namba ndogo ndiyo bora.

Kwa joto, chukueni tofauti kati ya mlichotabiri na kilichopimwa, bila kujali ni juu au chini, mtoe wastani wa mwezi.

Programu ya simu ilisema mvua, na haikunyesha. Inadanganya?

Programu nyingi huchota kutoka mifano ya kompyuta, yaani hesabu kubwa zinazoiga angahewa, inayoigawa dunia miraba yenye upana wa takriban kilomita 9 au zaidi. Ndani ya mraba mmoja mnaweza kuingia Kibera, Lang'ata na Karen. Mfano unaweza kupatia kwamba alasiri itakuwa na ngurumo na usijue zitaanguka mtaa gani. Ipeni programu safu yake daftarini na muipime kwa Brier kama mnavyojipima.

Babu anasema kumbikumbi wakiruka mvua imeiva. Tuandike?

Andikeni, kwa heshima na kwa tarehe. Wakulima wa Kikuyu walikuwa na mbura ya njahi (masika) na mbura ya mwere (vuli) muda mrefu kabla ya kituo chochote kujengwa. Kule Vihiga, wazee wa ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua wa jadi, wamekaa pamoja na wanasayansi wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa na kulinganisha utabiri wa msimu. Nanyi rekodini siku jakaranda ya kwanza ya shule ilipochanua, siku kumbikumbi walipotoka, na siku chombo kilipopata milimita 10 za kwanza za vuli. Baada ya miaka kadhaa daftari litasema ni dalili ipi ina uzito.

El Niño ikitangazwa, inamaanisha mafuriko?

El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta kuwa na joto kuliko kawaida, huongeza uwezekano wa vuli nzito, kama ilivyokuwa 1997 na 2023, lakini si hakika. Bahari ya Hindi ina sauti yake. Mwaka 2019 vuli ilikuwa kubwa mno bila El Niño, kwa sababu maji ya magharibi mwa bahari hiyo, upande wetu, yalikuwa na joto kuliko kawaida huku ya mashariki yakipoa. Hayo ni mambo ya msimu. Hayawezi kuwaambia kama Jumanne itanyesha.

Radi ikipiga, tutoke kusoma?

Kamwe. Hesabuni sekunde kati ya mwako na ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1 hivi. Zikiwa chini ya sekunde 30, kila mtu awe ndani, na msitoke hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Andikeni kistari na sababu. Wala msisambaze tahadhari za mafuriko kwa jina la klabu; tahadhari hutolewa na Idara, nanyi mnaweza kuipeleka mbele kama ilivyotolewa.

Namba zetu zitamfaa nani?

Kwanza shule yenyewe: tangi linunuliwe la ukubwa gani, siku ya michezo iwekwe lini. Kisha kuna mitandao. TAHMO husimamisha vituo vya kujiendesha katika shule za Afrika, zikiwemo za Kenya, na GLOBE, iliyotangazwa mwaka 1994, hupokea vipimo vya wanafunzi kutoka nchi nyingi. Machi 23 ni Siku ya Hali ya Hewa Duniani, wakati mzuri wa kuomba ziara ya makao makuu ya Idara pale Dagoretti Corner, Barabara ya Ngong, ambako puto lenye vifaa hurushwa kupima hewa ya juu. Mwalimu aandike barua mapema. Na mkienda, bebeni nakala ya daftari. Lile la asili libaki shuleni, kwa kuwa saa tatu kuna mtu wa zamu anayelihitaji.